Bandari Isiyo na Reli: Habari za Gati la Bujumbura na Watu Wake

Msafiri afikapo kwenye gati la Bujumbura huona mambo ayaonayo katika bandari yo yote: maghala, winchi, meli zilizofungwa kwa kamba nene, magunia yaliyopangwa safu kwa safu, na watu waliojitwisha mizigo. Lakini akitafuta kitu kimoja hatakipata, nacho ni reli. Hakuna stesheni, hakuna behewa, wala hakuna mlio wa gari la moshi. Na hata hivyo mji huu, kwa kiasi kikubwa, ni mtoto wa reli. Reli iliyoulea iko ng'ambo ya maji, katika nchi nyingine, mwendo wa kilomita zipatazo 175 kusini, mahali paitwapo Kigoma.

Jambo hili si dogo. Bandari yenye reli yake ina funguo zake mkononi. Bandari ambayo reli yake iko kwa jirani hutegemea amani ya jirani, hali ya ziwa, na uaminifu wa mikono ya watu wanaopakia na kupakua. Habari za mikono hiyo ndizo zinazosimuliwa hapa, maana katika vitabu vingi yametajwa majina ya magavana na wahandisi, na waliobeba mizigo wameachwa nje ya mlango.

KABLA YA RELI

Zamani kabla ya mji wa Bujumbura kuwako, soko kuu la Ziwa Tanganyika lilikuwa Ujiji. Huko ndiko zilikoishia njia za misafara kutoka Bagamoyo na pwani yote ya Mrima, kupitia Tabora. Safari ile ilikuwa ndefu na ya taabu. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani katika Juni 1857, wakaona maji ya ziwa katika Februari 1858. Ndiyo kusema miezi ipatayo minane, pamoja na maradhi na kungoja njiani. Kila kitu kilichoingia barani, kama nguo, shanga, baruti na nyaya za shaba, kilikwenda juu ya bega au kichwa cha mpagazi. Na kila kitu kilichotoka kilirudi vivyo hivyo.

Kutoka Ujiji vyombo vilisambaa kwenda kila upande wa ziwa. Ziwa lenyewe ni refu sana, karibu kilomita 670 tangu kaskazini hadi kusini. Mitumbwi na mashua zilichukua chumvi ya Uvinza, samaki wakavu, mafuta ya mawese, majembe na pembe za ndovu. Katika Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji wakaenda hadi ncha ya kaskazini, wakahakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, wala hautoki. Walipita ufuko huu wa Imbo, na mahali pa Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura ya leo, pana jiwe la kuukumbuka msafara wao.

Historia isemayo kweli haina budi kutaja na machungu. Pamoja na chumvi na pembe, njia zile zilichukua watumwa. Wafanyabiashara wakubwa wa Ujiji walikuwa na bunduki, na mmoja wao, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuuingia Urundi kwa nguvu. Mwami Mwezi Gisabo na watu wake wakamzuia, nchi ya milimani isitiwe mikononi mwa wenye bunduki wa ziwani. Kumbukumbu ya vita hivyo haikufutika upesi. Vizazi vingi baadaye, mtu aliyevaa kanzu na kusema Kiswahili aliweza kutazamwa kwa shaka kilimani, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa mvuvi, fundi au mchukuzi asiyepata kumiliki hata mbuzi wa mtu mwingine. Deni la wachache liliandikwa katika daftari la wengi. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa kuwa linaeleza mengi yaliyofuata.

WADACHI NA NJIA YA CHUMA

Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, waliweka boma lao Usumbura katika mwaka wa 1897. Mahali palichaguliwa kwa sababu za vita na za maji: ni kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya ziwa, karibu na bonde la Rusizi, na kutoka hapo njia hupanda kwenda Urundi wa milimani na Rwanda. Boma lilikuja na askari wake, na wengi wao walisema Kiswahili. Nyuma yao wakaja wachuuzi, washonaji, wapishi, mafundi wa mashua, Waarabu na Wahindi wenye maduka. Mji ukaanza kando ya boma, na lugha ya soko ikawa Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Wakati huo Wadachi walikuwa wanawaza njia ya chuma ya kulifikia ziwa. Kazi ya reli ya kati ilianza Dar es Salaam katika mwaka wa 1905. Ilifika Morogoro katika mwaka wa 1907, Tabora katika mwaka wa 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka wa 1914. Urefu wake ulikuwa kilomita zipatazo 1,250. Ujiji, soko la kale, iliachwa kando, ingawa ni karibu sana. Maana ufuko wake ni wa maji machache, hali Kigoma ina ghuba yenye kina inayokingwa na upepo. Hivyo meli na gari la moshi vikakutanishwa Kigoma, na Ujiji ikabaki na sifa yake ya zamani.

Mabadiliko yaliyoletwa na reli hiyo ni vigumu kuyaeleza kwa mtu wa leo. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache. Mzigo uliohitaji mabega ya watu mia ukaingia katika behewa moja. Wapagazi wa masafa marefu, waliokuwa fahari ya Wanyamwezi na watu wa pwani, wakapoteza kazi yao ya asili. Lakini kazi ya kubeba haikufa, bali ilihama. Ilitoka njiani ikaenda stesheni na ufukoni. Mpagazi akawa mchukuzi wa bandari.

Wadachi walikusudia pia kuipeleka reli upande wa Rwanda, kutoka Tabora hadi penye pindo la mto Kagera. Kazi ilianza, lakini vita vya mwaka wa 1914 viliikatisha. Lau njia hiyo ingalikwisha, huenda mizigo ya nchi hizi ingalishika njia nyingine, na Usumbura isingalikuwa bandari ya namna iliyokuwa. Haikwisha, na ziwa likabaki ndilo daraja.

MELI ILIYOZAMISHWA IKAFUFULIWA

Katika habari za ziwa hili hakuna chombo kilichopata sifa kama meli ya Graf von Götzen. Iliundwa katika mji wa Papenburg, Ujerumani, katika mwaka wa 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, na kutoka huko kwa gari la moshi mpaka Kigoma. Hapo ikaunganishwa tena, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa tayari vinawaka.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura katika Juni 1916, na katika Julai wakakaribia Kigoma. Wadachi walipoona wataiacha bandari, waliizamisha meli yao wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini mafundi walioiunda waliipaka mitambo grisi nyingi kabla ya kuizamisha, ili maji yasiiharibu. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Waingereza wakaiinua katika mwaka wa 1924, wakaitengeneza, na katika Mei 1927 ikaanza safari zake kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa kwa watu wa kusini. Chuma hicho kilichokaa chini ya maji miaka kadha kimewachukua babu, wana na wajukuu.

MKATABA WA FARANGA MOJA

Vita vilipokwisha, Urundi na Rwanda viliwekwa mikononi mwa Wabelgiji, na Tanganyika mikononi mwa Waingereza. Mpaka ukapita kati ya bandari na reli yake. Usumbura ikawa upande mmoja. Kigoma, Tabora na Dar es Salaam zikawa upande wa pili.

Wabelgiji walikuwa na njia yao wenyewe. Ng'ambo ya ziwa, Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, ilikuwa na reli iliyofika Kabalo kwenye mto Lualaba tangu mwaka wa 1915. Lakini kutoka hapo mpaka bahari ya Atlantiki kwa njia ya Matadi, mzigo ulilazimika kubadili mto kwa reli na reli kwa mto mara kadha wa kadha, na kila badiliko ni gharama, ni uvunjikaji, ni wizi, na ni siku zinazopotea. Njia ya Dar es Salaam ilikuwa fupi na nyepesi: ziwa mara moja, reli mara moja, kisha bahari.

Kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi mkataba mjini London. Wabelgiji walipewa sehemu ya bandari katika Kigoma na sehemu nyingine katika Dar es Salaam, wakodi milele kwa malipo ya faranga moja kwa mwaka. Shehena zilizokwenda Kongo na Ruanda-Urundi, au zilizotoka huko, ziliruhusiwa kupita Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha. Sehemu hizo zikaitwa Belbase. Hivyo gunia la kahawa la Urundi lilitoka Usumbura, likapita katika nchi ya Waingereza, likafika baharini, nalo kwa hesabu za serikali ni kana kwamba halikutoka katika mikono ya Wabelgiji.

Kahawa ndiyo iliyoipa bandari uzito. Tangu miaka ya 1930 serikali iliwalazimisha wakulima wa milimani kupanda mibuni. Mavuno yaliteremshwa Usumbura, yakapimwa, yakawekwa ghalani, yakapakiwa melini. Usiku mmoja au zaidi juu ya maji, kisha yakapakuliwa Kigoma na kutiwa katika mabehewa. Yakapakuliwa tena Dar es Salaam, na kupakiwa katika meli za bahari. Kwa njia ile ile zilirudi saruji, mabati, vitambaa, chumvi, mafuta ya taa na petroli. Msomaji akihesabu ataona kwamba gunia moja liliinuliwa na mikono ya watu mara nyingi kabla ya kuiona bahari. Hapo ndipo penye siri ya bandari isiyo na reli: kila mahali njia inapokatika, binadamu huwa ndiye kiungo.

WATU WA GATI

Viungo hivyo walikuwa nani? Walikuwa Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Kongo, watu wa Ujiji na Tabora, wana wa askari wa zamani, Wabwari wa ziwani, na Warundi walioshuka kutoka milimani kutafuta kazi, wakajifunza Kiswahili, na wengi wao wakasilimu. Mjini wote waliitwa kwa jina moja, Waswahili. Jina hilo halikuwa la kabila, bali lilikuwa la maisha: lugha moja, mavazi ya namna moja, msikiti, na mtaa.

Katika siku za mwanzo mizigo ilishushwa ufukoni kwa mitumbwi na mashua, wachukuzi wakiingia majini. Ufuko wa kaskazini hauna kina kikubwa, kwani mto Rusizi na mito midogo ishukayo milimani, kama Ntahangwa, huleta mchanga na matope kila masika. Gati la kisasa lilijengwa katika miaka ya 1950, wakati Wabelgiji walipotimiza mpango wao wa miaka 10 wa maendeleo ya Ruanda-Urundi. Meli zikaanza kufunga kando ya ukuta, na winchi zikasaidia mabega; hata hivyo mabega hayakupata likizo.

Wabelgiji walipoupanga mji waliwatenga watu kwa mitaa. Wazungu walikaa kwao, Waasia kwao, na Waafrika katika mitaa waliyoiita ya nje ya mila, maana yake nje ya mamlaka ya machifu. Waswahili walipewa mahali pao, panapojulikana kwa jina la Buyenzi, jirani na Bwiza. Barabara zake zilinyoshwa kama mistari ya daftari zikapewa nambari badala ya majina. Mtawala aliona hesabu. Lakini wakazi wakaijaza hesabu ile kwa misikiti, vyuo vya Kurani, karakana, maduka na jamaa.

Serikali ya wakati ule haikuupenda Uislamu. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ampeleke mtoto shule akaogope imani yake kubadilishwa, au amweke chuoni asome Kurani na kukosa cheti cha kumpatia kazi ya ofisini. Wengi walichagua la pili. Ndiyo sababu watoto wengi wa Buyenzi hawakuwa makarani wa serikali, bali wakawa madereva, mafundi makanika, washonaji, wavuvi, wachuuzi na wachukuzi wa bandari. Mlango mmoja ulipofungwa, gati na gereji zikawa shule. Lakini haifai kusifu hasara hiyo kana kwamba ilikuwa faida. Vizazi viwili vilivyokosa kalamu vililipa kwa jasho, na malipo yake hayajakwisha kuhesabiwa.

UHURU NA NJIA

Waliokaa kwenye njia husikia habari kabla ya wengine. Kila meli iliyofika kutoka Kigoma ilileta pamoja na saruji maneno ya TANU na hotuba za Mwalimu Nyerere. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliposimama kudai uhuru wa Burundi, mitaa ya Buyenzi na Bwiza ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kumpokea. Katika mwaka wa 1957 alikuwa ameanzisha ushirika wa wafanyabiashara ili Mwafrika naye apate nafasi sokoni, na wafanyabiashara Waswahili wakamwunga mkono. Chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule alipigwa risasi akafa katika hoteli iliyo kando ya ziwa, ambalo kwalo habari za uhuru zilikuwa zimepita. Uhuru wenyewe ulikuja tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ikaitwa Bujumbura.

Ng'ambo ya maji nako mambo yalikuwa yakibadilika. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere alieleza kwamba ukodishaji wa milele uliofanywa na mtawala ambaye mwenyewe hakuwa wa milele hauwezi kupatana na enzi ya nchi huru. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Faranga moja kwa mwaka ilikuwa bei ya mabwana wawili kupatana juu ya nyumba isiyo yao. Hata hivyo njia haikufungwa kwa Burundi. Shehena ziliendelea kupita Kigoma na Dar es Salaam, sasa kwa mapatano ya majirani walio huru. Ikadhihirika kwamba kilichohitajika tangu mwanzo hakikuwa milki juu ya ardhi ya mwingine, bali ujirani mwema.

SIKU ZA SHIDA

Ujirani huo ulijaribiwa vikali. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, ambavyo viliendelea mpaka Januari 1999. Reli ya Kigoma ilikuwa pale pale, ziwa lilikuwa pale pale, lakini njia ilikuwa imefungwa. Gati lilikaa kimya, na mchukuzi alipwaye kwa mzigo wa siku ndiye aliyeanza kulala na njaa. Wakubwa hupigana kwa maazimio. Wadogo huhesabu sahani.

Katika miaka hiyo hiyo mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika kwa ukabila. Wahutu walifukuzwa huku, Watutsi walifukuzwa kule. Buyenzi haikugawanyika. Watu wa makabila yote waliendelea kuishi pamoja, na waliokimbia mitaa mingine walipata humo mahali pa kuweka kichwa. Wengi wamejiuliza sababu. Imani ilikuwa na sehemu yake, nayo ni kubwa. Lakini historia ya gati nayo yafaa isikizwe. Mtaa huo ulizaliwa na watu waliokutana kazini kutoka pande nyingi, wakashika lugha isiyo ya kabila lo lote peke yake, wakazoea kupokezana mzigo bila kuulizana asili. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliokuwa wameitwa wageni muda wa miaka mia ndio waliowapokea wenyeji waliofukuzwa makwao.

Ziwa nalo lilifanya kazi yake ya huruma. Liemba, ile meli ya vita, iliwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo katika mwaka wa 1997. Na katika Mei 2015, Warundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga, mpakani, mahali pasipo na barabara ya kufaa, iliwachukua kwa maelfu mpaka Kigoma, ilikotoka mizigo ya baba zao. Chombo kilichotumiwa katika kupigana kikawa chombo cha kuokoa.

MAJI, BARABARA NA RELI IJAYO

Reli ya kati haikubaki na nguvu yake ya ujana. Mabehewa yalipungua, mvua zilikata njia mara kwa mara, na mizigo mingi ya Burundi ikahamia juu ya malori yanayotoka Dar es Salaam na kuingia kwa mpaka wa Kobero. Gati la Bujumbura limeendelea kupokea shehena kutoka Kigoma na pia kutoka Mpulungu, Zambia, kusini kabisa mwa ziwa. Lakini halijiwezi kama zamani, siku ambazo karibu kila kitu kilipita majini.

Tena maji yenyewe hayana ahadi. Karibu mwaka wa 1878 ziwa lilijaa hata likavunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa magharibi, kisha likashuka sana. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 lilipanda tena kwa mvua nyingi. Na tangu mwaka wa 2020 limepanda kwa namna ya kutisha: nyumba za ufukoni zimezama, Gatumba imefurika mara kadha, na bandari yenyewe imeingiliwa na maji. Yule aliyedhani ukuta wa gati ni mpaka wa kudumu kati ya nchi kavu na ziwa amefunzwa adabu.

Sasa kuna habari za reli mpya. Katika mwaka wa 2025 Burundi na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza, kwenye njia ya Kigoma, hadi Musongati katika Burundi, na katika Agosti mwaka huo kazi ilizinduliwa. Ikikamilika, itakuwa mara ya kwanza kwa gari la moshi kutoka baharini kuingia katika nchi hii. Haitafika kwanza Bujumbura. Itafika kwenye machimbo ya nikeli ya Musongati, kusini mashariki. Vijana wa gati wana haki ya kuuliza itakuwaje kazi yao, kama vile wapagazi wa Unyamwezi walivyouliza katika mwaka wa 1914. Jibu la mwaka ule lilikuwa kwamba kazi haifi, huhama. Lakini huwahama wasiojiandaa na kuwaendea waliojiandaa. Safari hii kalamu isikosekane. Mtoto wa mchukuzi afundishwe uhandisi, hesabu za forodha na sheria za uchukuzi, ili reli ikija imkute mlangoni akiwa na ufunguo, si akiwa na kata ya kujitwishia mzigo tu.

Waliokwisha tangulia hawakuacha majengo yenye majina yao. Waliacha mji unaosema Kiswahili. Na nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mwaka wa 2007 ikaona kwamba lugha ya jumuiya hiyo ilikuwa tayari inazungumzwa katika soko na gati la mji wake mkubwa. Waliacha mtaa ambao ulikataa kugawanyika siku ya hatari. Na waliacha ushahidi usioandikwa: kwamba katika mji huu hakuna ukuta wa kale, ghala, msikiti wala ofisi ambayo saruji yake, mabati yake au misumari yake haikupita juu ya bega la mmoja wao. Mtu aliyeibeba nyumba kutoka ufukoni hawezi kuitwa mgeni ndani yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wachukuzi, mabaharia, makarani na wavuvi waliokufa kazini na majini, awape wana wao elimu na riziki ya halali, na aifanye njia ya ziwa kuwa njia ya amani. Amin.